Dawa za Saratani ya Utumbo Iliyoenea: Zilitoka Wapi, Zimefika Wapi?

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Tunazungumza juu ya saratani ya utumbo mpana, na hasa ile ambayo imeondoka mahali ilipoanzia na kufika kwenye ini, mapafu au sehemu nyingine za mwili. Madaktari huiita saratani ya hatua ya nne.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya swali ambalo akina mama huniuliza mara nyingi. Baba wa nyumba amepimwa na kuambiwa saratani imeenea. Familia inakaa kikao. Mmoja anasema, "Tuuze ng'ombe na kipande cha shamba, tununue dawa." Mwingine anasema, "Ugonjwa huo hauna dawa, tumrudishe nyumbani tumwombee." Je, nani amesema kweli?

Kila mmoja ameshika nusu ya jibu. Dawa zipo, na zinasaidia. Lakini si kila dawa inamsaidia kila mgonjwa, na bei ya dawa haikuambii kama itakufaa. Ili tulielewe jambo hili vizuri, natuirudie historia. Tuone dawa hizi zilitoka wapi, moja baada ya nyingine.

UGONJWA WENYEWE

Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula, mahali ambapo choo hutengenezwa kabla ya kutoka. Mara nyingi saratani yake huanza kama kijinyama kidogo kisichouma. Kijinyama hicho huweza kukaa miaka mingi kabla ya kugeuka kuwa saratani. Kikigunduliwa mapema hukatwa, na mtu hupona. Kikiachwa, seli zake huingia kwenye damu, na damu kutoka utumboni hupitia kwenye ini. Ndiyo maana ini huwa la kwanza kuvamiwa.

Zamani ilisemekana huu si ugonjwa wetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo ilikuwa nadra sana Afrika. Alidhani sababu ni chakula chetu cha wakati ule: nafaka zisizokobolewa, mboga na maharagwe. Mambo yamebadilika. Leo Kenya tunauona ugonjwa huu mijini na vijijini, kwa wazee na hata kwa watu wenye umri chini ya miaka 50. Kwa hiyo habari za dawa zake ni habari zetu.

1957: TOFALI BANDIA

Miaka ya 1950, mtu ambaye saratani ya utumbo imemwenea hakuwa na dawa ya kumsaidia. Kwa kawaida aliishi karibu miezi sita tu.

Wakati huo watafiti Marekani waligundua kwamba uvimbe kwenye ini la panya unatumia kwa wingi kitu kinachoitwa urasili. Urasili ni kama tofali ambalo seli hulitumia kujijenga na kuzaana. Mwanasayansi Charles Heidelberger, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, akawa na wazo. Kama saratani inapenda sana tofali hili, kwa nini tusiipe tofali bandia?

Yeye na wenzake wakachukua urasili na kuibandika florini. Wasikilizaji wa Bonde la Ufa mnaijua hiyo. Ni ile iliyomo katika maji ya baadhi ya visima, ambayo hufanya meno ya watoto kuwa ya kahawia. Dawa hiyo mpya ilitangazwa mwaka 1957 na kuitwa fluorourasili, au kwa kifupi 5-FU. Seli ya saratani huimeza ikidhani ni chakula, halafu inashindwa kuzaana.

Mama, dawa hii ina umri zaidi ya miaka 60 na bado inatumika hadi leo. Ukiona 5-FU kwenye kadi ya mgonjwa wako, usidhani amepewa dawa ya kizamani kwa sababu hana pesa. Ndiyo nguzo ya matibabu yenyewe, hapa kwetu na hata Ulaya.

Kuanzia miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba 5-FU hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa na lukovorini, ambayo ni jamaa ya vitamini tunayowapa kina mama wajawazito, foliki asidi. Kwa mchanganyiko huo mgonjwa wa kawaida aliweza kuishi karibu mwaka mmoja. Lakini seli nyingine za mwili zinazozaana haraka nazo huumia. Ndiyo maana mgonjwa hupata vidonda mdomoni, huharisha, na damu yake hupungukiwa na askari wa kupigana na magonjwa.

1990: DAWA YA MINYOO YA KONDOO

Hapa kuna kisa ambacho wafugaji watakielewa. Kuna dawa ya minyoo inaitwa levamisoli. Wengi wenu mmewahi kuwanywesha mbuzi na kondoo. Mwaka 1990, Daktari Charles Moertel wa Mayo Clinic huko Marekani na wenzake walionyesha kwamba levamisoli ikitumika pamoja na 5-FU inapunguza vifo. Hii ilikuwa kwa wagonjwa waliokwisha kukatwa uvimbe, ambao saratani ilikuwa imefika kwenye tezi za karibu lakini haijaenda mbali.

Dawa ikaanza kuuzwa kwa binadamu. Mgonjwa akatakiwa kulipa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka, huku mfugaji akinunua dawa hiyo hiyo ya kondoo kwa bei ndogo sana. Mwaka 1992 Moertel mwenyewe alilalamika hadharani. Baadaye levamisoli iliachwa, kwa sababu lukovorini ilionekana kufanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Nimeleta kisa hiki kwa sababu kinatufundisha jambo. Bei ya dawa huwekwa na muuzaji. Haipimi nguvu ya dawa, na wala haimwambii mgonjwa kama atapona.

MTI WA CHINA NA MADINI YA PETE

Karibu miaka 40 baada ya 5-FU, zikaja dawa mbili mpya zilizobadilisha mambo.

Ya kwanza ni irinotekani. Asili yake ni mti unaoota China. Mwaka 1966 wanasayansi Monroe Wall na Mansukh Wani, waliokuwa wakifanya kazi Marekani, walitangaza kwamba wamepata ndani ya mti huo kitu kinachoua seli za saratani. Kilipojaribiwa kwa watu kilikuwa kikali mno. Kikawekwa kando. Baadaye Wajapani wa kampuni ya Yakult, ile ile inayotengeneza kinywaji cha maziwa, wakakifanyia marekebisho mpaka kikaweza kutumika. Marekani iliikubali irinotekani kwa saratani ya utumbo mwaka 1996.

Ya pili ni oksaliplatini. Hii imetengenezwa kwa platini, madini ya thamani yanayotengenezewa pete. Iligunduliwa Nagoya, Japani, mwaka 1976. Ufaransa ikaiendeleza na kuikubali mwaka 1996. Marekani iliikubali mwaka 2002.

Madaktari wa Paris, wakiongozwa na Aimery de Gramont, walichanganya oksaliplatini, 5-FU na lukovorini. Mchanganyiko huo unaitwa FOLFOX. Ukisikia jina hilo kliniki, usishtuke. Ni herufi za mwanzo za majina ya dawa hizo zilizounganishwa. Irinotekani ikitumika badala ya oksaliplatini, mchanganyiko huitwa FOLFIRI. Wagonjwa waliopata michanganyiko yote miwili, mmoja baada ya mwingine, waliishi karibu miezi 20. Hiyo ina maana kwamba nusu waliishi zaidi ya hapo na nusu waliishi chini ya hapo. Si tarehe ya kifo ya mtu yeyote.

Mwaka 2001 Marekani ilikubali vidonge vya kapesitabini vitumike kwa saratani ya utumbo iliyoenea. Mgonjwa anavimeza, na mwili wake unavigeuza kuwa 5-FU. Kwa mtu anayekaa mbali na hospitali, hii ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mama, usisahau kwamba vidonge ni kemotherapi kamili. Humezwa asubuhi na jioni, ndani ya nusu saa baada ya chakula, na huwa kuna siku za kupumzika. Viweke mahali ambapo watoto hawafiki. Viganja na nyayo zikiwa nyekundu, zikiuma au kuchubuka, mjulishe daktari kabla ya kumeza tena.

2004: KUFUNGA MFEREJI WA MAJI

Dawa zote tulizotaja ni kama kufyeka shamba lenye magugu. Panga linakata magugu, na mahindi nayo yanaumia. Watafiti wakatafuta dawa ya kulenga saratani yenyewe.

Mwaka 1971 daktari mpasuaji wa Boston, Judah Folkman, alisema kwamba uvimbe hauwezi kukua bila kujitengenezea mishipa mipya ya damu. Ni kama shamba la kunyunyizia maji. Ukifunga mfereji, mimea inanyauka. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 2004, miaka 33 baadaye, Marekani ilikubali bevasizumabu, inayouzwa kwa jina la Avastin. Kazi yake ni kuzuia mishipa hiyo. Katika jaribio kubwa la dawa hiyo, waliopewa pamoja na kemotherapi waliishi miezi 20.3, na waliopata kemotherapi peke yake miezi 15.6. Ni nyongeza ya karibu miezi mitano. Dawa hii hupandisha presha na huchelewesha vidonda kupona, kwa hiyo mgonjwa hupimwa presha, na dawa husimamishwa kabla ya upasuaji.

Mwezi huo huo wa Februari 2004 ikakubaliwa pia setuksimabu, yaani Erbitux. Hii huziba mlango ambao seli ya saratani hupokelea amri ya kukua. Familia nyingi duniani zilijinyima ili kuinunua. Wagonjwa wengine walipata nafuu kubwa. Wengine hawakupata nafuu hata kidogo, ila vipele usoni na kifuani. Kwa nini?

2008: KILA DAWA NA MTU WAKE

Jibu kamili lilipatikana mwaka 2008. Ndani ya seli kuna kitu kinachoitwa KRAS. Kifananishe na swichi ya taa. Kwa kawaida mlango ukizibwa, swichi inazimika. Lakini kwa karibu wagonjwa 4 katika kila 10, swichi ya saratani imeharibika na kukwama ikiwa imewaka. Hata ukiziba mlango, taa haizimi. Kwa watu hao setuksimabu haina faida.

Fikirini jambo hilo, akina mama. Kwa miaka minne watu walinunua dawa ya bei kubwa ambayo isingeweza kuwasaidia. Hakuna aliyewadanganya, ni ujuzi tu ulikuwa haujafika. Leo ujuzi upo. Kipande cha uvimbe hupimwa kwanza maabara, ndipo dawa ichaguliwe. Mtu akikuambia ununue dawa ya namna hii kabla ya kipimo, msimamishe umwulize.

2015: KUTOA BREKI

Mwili wetu una askari wake wa kupigana na maradhi. Saratani ina ujanja wa kuwafunga breki. Waliogundua namna ya kuzitoa breki hizo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Mwaka 2015 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba dawa ya namna hii, pembrolizumabu au Keytruda, inafanya kazi vizuri kwa saratani ya utumbo ya aina moja maalumu. Ni ile ambayo seli zake zimeshindwa kurekebisha makosa katika chembe zake za urithi. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba kwa aina hiyo, dawa hii inashinda kemotherapi hata ikianza kutolewa mwanzoni. Wagonjwa wengine saratani yao imetulia kwa miaka.

Lakini sikilizeni vizuri. Katika wagonjwa 100 ambao saratani ya utumbo imewaenea, wenye aina hiyo ni wanne au watano tu. Kwa hao wengine dawa hii ikitumika peke yake huwa haisaidii. Tena kipimo ni lazima. Kipimo hicho kina faida nyingine pia. Aina hiyo wakati mwingine hurithiwa, kwa hiyo majibu huweza kuwaonya ndugu na watoto wa mgonjwa wakapimwe mapema.

Kwa jumla, kutoka miezi sita ya miaka ya 1950, majaribio makubwa yaliyotangazwa mwaka 2014 yalifikia karibu miezi 30. Haba na haba hujaza kibaba. Na wako wachache ambao dawa hupunguza vivimbe vya ini mpaka vikaweza kukatwa, na baadhi yao hupona kabisa.

SISI HAPA KENYA

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliingiza oksaliplatini, irinotekani na kapesitabini katika orodha yake ya dawa muhimu, ambamo 5-FU ilikuwemo tangu zamani. Dawa hizi sasa hutengenezwa na viwanda vingi, vikiwemo vya India, na bei yake imeshuka. Hizi ndizo mgonjwa wa kwetu anaweza kuzipata katika hospitali kubwa kama Kenyatta ya Nairobi na Moi ya Eldoret. Dawa za kulenga na za kutoa breki bado ni ghali mno kwa familia nyingi.

Bima ya NHIF iliondoka, na tangu Oktoba 2024 kazi hiyo inafanywa na SHA. Kabla ya matibabu, hakikisha mgonjwa ameandikishwa na michango yake imelipwa. Kisha uliza ofisi ya bima iliyo hospitalini ni kiasi gani kitalipwa na kipi kitabaki kwa familia.

KABLA YA KUUZA SHAMBA

Kuuliza si ujinga. Mkienda kliniki, nendeni wawili, mmoja asikilize na mwingine aandike. Mwulizeni daktari maswali haya:

1. Lengo la dawa hii ni nini? Ni kuponya, ni kurefusha maisha, au ni kupunguza maumivu?
2. Je, vivimbe vya ini vinaweza kukatwa, sasa au baadaye?
3. Uvimbe umepimwa KRAS? Umepimwa kama ni ile aina inayosaidiwa na dawa za kutoa breki?
4. Dawa hii kwa kawaida huongeza muda gani, na ina madhara gani?
5. Gharama yote ni kiasi gani mpaka mwisho, si ya dozi ya kwanza tu?
6. Tutajuaje kwamba inafanya kazi, na tutaisimamisha lini ikiwa haifanyi?

Swali la sita ndilo watu husahau. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa picha baada ya miezi miwili au mitatu. Kama uvimbe unazidi kukua, dawa hiyo haimfai, na kuendelea kuinunua ni kumwumiza yeye na kuwaumiza watoto wanaohitaji karo.

Na mgonjwa mwenyewe aulizwe anataka nini. Mara nyingi tunakaa kikao juu ya mzee, na mzee yuko chumba cha pili anatusikia.

UANGALIZI WA NYUMBANI

Mgonjwa anayepata kemotherapi akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Usimpe panadol ukangoja asubuhi. Anayetumia irinotekani akiharisha sana, aanze mara moja dawa ya kuzuia aliyopewa, anywe maji kwa wingi, na hospitali ijulishwe. Anayetumia oksaliplatini asinywe maji baridi wala kushika vitu vya friji siku za kwanza, maana vidole na koo hufa ganzi. Na dawa yoyote ya miti shamba, mwambie daktari kabla ya kumpa mgonjwa. Nyingine hugombana na dawa za hospitali.

Ikifika wakati dawa za saratani hazisaidii tena, matibabu hayajaisha. Maumivu yana dawa, na mofini ni mojawapo. Nairobi Hospice ilianza kazi hiyo mwaka 1990, na leo huduma kama hizo ziko katika hospitali nyingi za kaunti. Ziombeni mapema, msingoje siku za mwisho.

YA KUKUMBUKA

• Saratani ya utumbo iliyoenea ina dawa zinazorefusha maisha. Usimfiche mgonjwa nyumbani.
• Kipimo kwanza, dawa baadaye. Dawa ghali si lazima iwe dawa yako.
• Damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito au kupungukiwa damu bila sababu, ni dalili za kwenda kupimwa. Usiseme ni bawasiri tu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika familia zetu, nani huamua kuuza mali kwa ajili ya matibabu? Je, mgonjwa huulizwa?
2. Kwa nini dawa moja inaweza kumsaidia jirani na isimsaidie mgonjwa wetu?
3. Ni nani katika kikundi chetu anayeweza kumsindikiza mgonjwa kliniki na kumwandikia majibu?